Bangili imepauka? Usimbishie mteja, na usiipake rangi ya kucha

Saa tatu usiku simu inalia. Mteja amekutumia picha ya ile bangili uliyomuuzia miezi mitano iliyopita. Juu bado inang'aa, ila upande wa ndani umekuwa mwekundu kama sufuria ya shaba ya zamani. Chini ameandika: "Dada, si uliniambia hii haipauki?"

Hapo ndipo wengi wetu tunakosea. Kuna anayem-block. Kuna anayeanza kubishana, "utakuwa umeogea nayo." Kuna anayerudisha hela huku roho inamuuma. Somo la leo ni njia nyingine: kujua kama pambo linaweza kurudishwa rangi, nani wa kulirudisha, na lini useme ukweli kwamba haliwezekani.

Jambo moja kabla hatujaanza. Pambo lililopauka mara nyingi ni lile lililopendwa. Lisilopendwa liko kwenye droo linang'aa mpaka leo. Kwa hiyo huyo mteja anayelalamika ndiye aliyevaa mzigo wako kila siku. Usimpoteze.

KWANZA: JUA UNACHOUZA

Mapambo mengi ya bei nafuu ndani yake ni shaba, aloi ya zinki au stenlesi. Juu ndiyo kuna ngozi nyembamba ya dhahabu au fedha. Ngozi hiyo huwekwa kwa umeme: pambo linafungwa upande wa hasi, linatumbukizwa kwenye maji yenye chembe za dhahabu, umeme ukipita chembe zinakwenda kushika kwenye pambo. Ndiyo maana tunasema "ya kuchovya".

Unene wake unapimwa kwa maikroni. Maikroni 1,000 ndiyo milimita moja. Fedha halisi iliyochovywa dhahabu, ile inayouzwa kwa jina la vermeil, kwa kiwango cha Marekani inatakiwa iwe na dhahabu isiyopungua maikroni 2.5. Mapambo mengi ya bei ya chini yana chini ya maikroni moja. Unywele wa binadamu una kama maikroni 70. Sasa piga picha mwenyewe jinsi ngozi hiyo ilivyo nyembamba.

Inaisha kwa kusuguliwa, jasho, manukato, losheni, maji ya bahari na dawa ya bwawa la kuogelea. Pete na bangili zinaisha mapema kwa sababu zinagusa kila kitu. Hereni za kuning'inia zinadumu zaidi, hazisuguliwi sana. Na ule ukijani kwenye ngozi ya mteja ni shaba iliyokutana na jasho. Unatoka kwa maji na sabuni.

PILI: PIMA, IMECHAFUKA AU IMEISHA?

Usiahidi chochote kwa kuangalia picha. Omba pambo lenyewe, kisha:

1. Chukua maji ya uvuguvugu na tone la sabuni laini ya vyombo. Chovya kitambaa laini au mswaki laini wa mtoto, pitisha taratibu. Kama kuna mawe ya kubandikwa kwa gundi, usiloweke kabisa, futa tu.
2. Futa kwa kitambaa chenye unyevu, kausha vizuri, hasa kwenye viungo vya cheni.
3. Peleka kwenye mwanga wa jua uangalie kingo, kifungio na upande unaogusa ngozi.

Utakuta moja kati ya haya:

Rangi imerudi. Basi ulikuwa uchafu, mafuta na losheni. Kazi imeisha, mrudishie mteja wako na umweleze jinsi ya kutunza.

Ni ya fedha na imekuwa nyeusi. Hii mara nyingi haijaisha. Fedha hubadilika ikikutana na salfa iliyo hewani na kwenye vitu vingine. Kitambaa maalumu cha kung'arishia fedha kinasaidia, ila pitisha kidogo tu kwa sababu nacho kinakula ngozi.

Unaona wekundu, unjano mwingine au kijivu kwenye kingo. Hapo dhahabu imeondoka, chuma cha ndani ndicho kinakuchungulia. Hakuna sabuni itakayoirudisha.

Imevimba, ina vishimo au inamenyuka kama ganda. Chuma cha ndani kimeshaliwa. Ukichovya juu yake utakuwa umepaka rangi ukuta unaobomoka.

Na tafadhali, usitumie dawa ya meno, majivu, ndimu wala siki. Mtandaoni zinasifiwa sana. Zinang'arisha kweli shaba tupu, lakini kwenye pambo la kuchovya unasugua ile ngozi iliyobaki.

TATU: NJIA ZA KURUDISHA

a) Kwa sonara mwenye mashine ya kuchovya. Hii ndiyo njia ya kweli. Kazi nzuri ina hatua: kuondoa mabaki ya zamani, kung'arisha chuma, kutoa mafuta yote, kuweka tabaka la chini, halafu dhahabu. Tabaka la chini lina kazi kubwa, kwa sababu shaba hupenya taratibu kwenye dhahabu nyembamba na kuiharibu rangi kutokea chini. Muulize fundi maswali haya manne:
– Unaondoa ya zamani au unachovya juu yake?
– Unaweka tabaka gani la chini?
– Dhahabu itakuwa maikroni ngapi?
– Mawe na lulu za gundi utazitoa, au zitaingia kwenye dawa?
Akishindwa kujibu, shukuru uondoke. Kumbuka pia kuchovya hakuzibi mikwaruzo. Mkwaruzo uliokuwepo utaonekana vilevile, tena kwa kung'aa zaidi.

b) Kuondoa kabisa. Kama ndani ni shaba nzuri, unaweza kumwomba fundi aondoe ngozi iliyobaki na kung'arisha shaba yenyewe. Ni bei rahisi na rangi yake inapendeza. Ila mteja ajue kwamba shaba itafifia na itahitaji kung'arishwa kila mara.

c) Rangi ya kucha isiyo na rangi. Wengi wanaipaka juu. Ukweli ni kwamba hairudishi chochote, inazuia tu kwa siku chache, kisha inamenyuka vipande vipande. Mtu akipaka kwenye pete yake nyumbani, sawa. Kumpakia mteja kisha kumtoza hela, hapana. Na usipake kamwe kwenye kijiti cha hereni kinachoingia sikioni.

ONYO, NA HILI SIO UTANI: Usinunue dawa za kuchovya ukaanza kujifunzia jikoni. Dawa nyingi za dhahabu zina sianidi, ambayo ni sumu kali. Ikikutana na asidi inatoa gesi inayoua. Kazi hii inataka chumba chenye hewa, vifaa na mtu aliyefundishwa. Wewe ni muuzaji, muunganishe mteja na fundi.

NNE: PIGA HESABU KABLA YA KUAHIDI

Tuseme hereni umechukua jumla 2,500 na unauza 6,000. Fundi anataka 10,000. Hapo hakuna biashara. Mpe mteja punguzo achukue nyingine, yaishe.

Lakini tuseme mteja ana kidani alichoachiwa na marehemu bibi yake. Dukani kinaweza kisifike hata 5,000, kwake hakina bei. Huyo atalipa kwa moyo mmoja. Fundi 10,000, bodaboda kwenda na kurudi 4,000, usumbufu wako 4,000. Mwambie 18,000 na umchanganulie. Akiona hesabu yote haoni kama unamuibia.

Chukua malipo ya fundi kabla. Piga picha pande zote kabla ya kupeleka. Andika kwenye meseji, sio kwa mdomo: jiwe gani limelegea, mkwaruzo uko wapi, na kwamba rangi mpya inaweza isifanane asilimia mia na ile ya zamani. Kidani cha bibi wa mtu kikiharibika mikononi mwako, hakuna hela itakayokirudisha. Kama una shaka, kataa.

Ukipata vitu vitano au kumi, peleka kwa pamoja na muulize fundi kama bei inashuka.

TANO: MANENO YA KWENYE POSTI

Hapa ndipo ugomvi wote ulipoanzia. Acha kuandika "haipauki milele". Acha kuandika "dhahabu" peke yake wakati ni ya kuchovya. Andika hivi:

"Bangili ya shaba, imechovywa dhahabu. Vua unapooga, unapofua na kabla ya kulala. Manukato kwanza, bangili baadaye."

Kama umekirudisha kitu rangi na unakiuza, sema: "Imetumika, imechovywa upya." Ukiificha na mteja akigundua, hutapoteza huyo mmoja, utapoteza na kundi lake lote la WhatsApp.

Na kwa hereni, muulize msambazaji wako kuhusu nikeli. Inawasha watu wengi, masikio yanavimba na kutoa maji. Nchi za Umoja wa Ulaya zimeweka kikomo cha nikeli inayotoka kwenye vijiti vya hereni. Kama hujui kilichomo, usiandike "haina nikeli". Tena nikeli hutumika sana kama tabaka la chini, kwa hiyo mteja mwenye mzio mwambie fundi mapema.

KAZI YA LEO

Toa mzigo wako wote uliopauka. Ugawe mafungu matatu: ya kuoshwa, ya kwa fundi, na ya kuuza kwa bei ya chini ukisema ukweli wake. Kisha rudi kwenye ile meseji ya saa tatu usiku uliyoiacha bila jibu, uandike:

"Pole sana dada yangu. Niliposema haipauki nilikosea, ni ya kuchovya na inaisha taratibu. Niletee niiangalie. Ikiwa ni uchafu nitaisafisha bure, ikiwa imeisha nitakuambia fundi anataka kiasi gani, wewe utaamua."

Utashangaa wangapi watarudi, tena na hereni za dada zao.

Mtumie somo hili mwenzako anayeuza urembo. Tukutane somo lijalo.