Kuziba Upepo Chini ya Bati: Kipupwe cha Nzuguni na Gharama ya Moto wa Ndani

Baridi ya Dodoma hailetwi na kimo cha takriban mita 1,100 peke yake, bali pia na namna nyumba zinavyoezekwa, kwa kuwa kati ya Juni na Agosti, msimu uitwao kipupwe, joto la alfajiri hushuka hadi karibu nyuzi 13 za Selsiasi, nalo bati, likitazamana na anga lisilo na mawingu, hupoa hata likawa baridi kuliko hewa yenyewe. Tembe ya Wagogo, yaani nyumba ya paa bapa lililofunikwa udongo mzito, ilihifadhi joto la mchana na kulirudisha ndani taratibu usiku. Nyumba nyingi za matofali zilizojengwa Nzuguni, kata ya jiji hilo, tangu serikali itangaze mwaka 2016 kuhamia Dodoma hazina akiba hiyo.

Anayetaka joto bila kuziba nyumba hulinunua. Hita ya kilowati 2 ikiwaka saa 4 kila usiku hula uniti 8, ambazo kwa siku 30 ni 240, zaidi ya mara tatu ya kikomo cha uniti 75 kwa mwezi cha mteja wa kundi la bei nafuu ya umeme, D1. Jiko la mkaa lililofungiwa chumbani si mbadala, kwani hutoa monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayoua watu wakiwa usingizini.

Hatua za kuziba ni tatu. Ya kwanza, milango na madirisha, haihitaji maelezo. Ya pili ni upenyo ulio kati ya kichwa cha ukuta na mawimbi ya bati, na hapo ndipo mwandishi wa makala haya alipopoteza fedha mara mbili: kwanza kwa muuza vifaa aliyemhakikishia kwamba karatasi ya kung'aa iliyobandikwa kwenye bati ingemaliza baridi, ilhali karatasi hiyo hufanya kazi pale tu inapoachiwa nafasi ya hewa, kisha kwa fundi aliyejaza saruji, ambayo ilipasuka ndani ya wiki mbili, kwa sababu bati hutanuka kwa jua na kusinyaa usiku. Wauza vifaa, kwa jumla, huijua bei ya bidhaa kuliko kazi yake.

Kilichofaa ni udongo wa kichuguu uliopondwa, ukachekechwa, ukachanganywa na nyasi kavu zilizokatwa urefu wa kidole pamoja na jivu kidogo, kisha ukalazwa usiku kucha na maji ili nyasi zilainike. Tope hilo haligusishwi na bati: hutangulizwa kiroba kilichokunjwa mara mbili, ili bati liteleze juu yake linapotanuka, na kazi hufanywa jioni, maana tope la mchana hupasuka kwa kukaushwa upesi na joto la bati. Nyufa zinazojitokeza baada ya siku chache hupakwa tope jepesi. Upenyo wa jikoni hauzibwi. Moshi lazima uwe na njia. Matokeo yalionekana wiki ya Nanenane, maonyesho ya wakulima ya Agosti: vumbi la viwanja vyake likipeperushwa juu ya mtaa, meza ya sebuleni ilishinda safi, jambo ambalo mke wa mwandishi hakuliamini, akapitisha kidole mara mbili.

Hatua ya tatu, dari, inasubiri fedha zilizoishia kwa muuza karatasi.