Usilaumu shingo, laumu kipakatalishi

Maumivu ya shingo ni malalamiko ambayo wafanyakazi wengi wa afisini huyazoea hadi wakayaona kuwa sehemu ya kazi yenyewe. Mtu huamka shingo imekakamaa, akajipaka dawa ya kuchua, akameza tembe mbili za kutuliza maumivu, kisha akaketi tena pale pale palipomuumiza jana.

Wengine hulaumu mto wa kulalia, wengine umri, wengine upepo wa dirisha la matatu. Lakini kwa mtu anayetumia kipakatalishi kuanzia asubuhi hadi jioni, huenda chanzo kiko mbele ya macho yake.

Kipakatalishi, yaani ile kompyuta ndogo inayokunjwa kama kitabu, kilibuniwa kwa ajili ya mtu aliye safarini. Mojawapo ya vile vya kwanza vya umbo hilo, GRiD Compass cha mwaka wa 1982, kilitumiwa na wanajeshi wa Marekani na hata wanaanga wa shirika la NASA. Kilikusudiwa kubebwa.

Siku hizi kimechukua mahali pa kompyuta kubwa ya mezani. Hapa Kenya mtindo huo ulishika kasi baada ya Machi 2020, kisa cha kwanza cha Covid-19 kilipothibitishwa na afisi nyingi zikawatuma wafanyakazi wao nyumbani. Wapo waliorudi afisini baadaye, lakini kipakatalishi kikabaki kuwa chombo chao cha pekee. Kinafanyiwa kazi kwenye meza ya chakula, kochini na hata kitandani.

Si vibaya kukitumia hivyo. Kina nguvu za kutosha, hakili umeme mwingi, na stima zikipotea kazi haipotei. Kasoro yake ni ya umbo: skrini na kibodi vimeshikamana.

Msomaji, hebu keti wima uangalie. Macho yako yanataka skrini iwe juu. Mikono yako inataka kibodi iwe chini, usawa wa viwiko. Kati ya macho na viwiko vya mtu mzima aliyeketi kuna kama nusu mita. Lakini ukifungua kipakatalishi cha kawaida, ukingo wa juu wa skrini hauinuki zaidi ya sentimita 25 hivi kutoka kwenye kibodi. Tofauti inayobaki lazima ilipwe na mwili. Ukikiweka chini, italipa shingo. Ukikiinua, yatalipa mabega na mikono. Ndiyo maana kumwambia mtu "keti vizuri" hakumsaidii sana. Hawezi kuketi vizuri mbele ya chombo kisichoruhusu jambo hilo.

Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kilo 5 hivi. Kikikaa sawa juu ya uti wa mgongo, mifupa ndiyo inayokibeba. Kikiinama mbele, mzigo huhamia kwenye misuli na kano za nyuma ya shingo. Mwaka wa 2014 daktari mpasuaji wa uti wa mgongo wa New York, Kenneth Hansraj, alipiga hesabu ya mzigo huo kwa kompyuta. Kichwa kikiinama nyuzi 15, shingo hubeba kama kilo 12. Kikiinama nyuzi 30, kilo 18. Kikifika nyuzi 60, kilo 27. Hizo ni hesabu tu, hazikupimwa kwenye shingo za watu, lakini zinaeleza kwa nini misuli hiyo inalia jioni. Kilo 18 ni zaidi ya mtungi wa maji wa lita 17.

Mikono nayo ina hadithi yake. Mtu anayechapa kwenye meza iliyo juu mno hupinda vifundo vya mikono kuelekea juu, na mara nyingi huviegemeza kwenye ukingo mkali wa kompyuta. Ndani ya kila kifundo mna njia nyembamba ambamo hupita kano za vidole pamoja na mshipa wa fahamu unaohudumia kidole gumba, cha shahada, cha kati na nusu ya kidole cha pete. Mshipa huo ukibanwa, mtu huhisi ganzi au kuchomwachomwa katika vidole hivyo, hasa usiku, akaamka na kuukung'uta mkono.

Dalili hiyo haifai kupuuzwa. Ikiachwa kwa muda mrefu, misuli iliyo chini ya kidole gumba huweza kusinyaa, mtu akashindwa kufunga vifungo vya shati au kushika kikombe, na nguvu zilizopotea zisirudi zote hata baada ya upasuaji. Kwa mhasibu au karani, huo ni mkate wake. Hata hivyo tusiisingizie kompyuta kila ganzi. Kisukari, ujauzito na upungufu wa homoni za tezi ya shingo huleta hali hiyo hiyo, kwa hivyo ni busara daktari apime pia sukari.

Dawa ya haya yote ni rahisi kuliko wengi wanavyodhani: tenganisha skrini na kibodi. Inua kipakatalishi hadi ukingo wa juu wa skrini uwe usawa wa macho au chini yake kidogo, kisha chapa kwa kibodi nyingine iliyo mezani na utumie kipanya kilicho karibu nayo.

Si lazima ununue kiinulio maalumu. Rimu moja ya karatasi ina unene wa sentimita 5 hivi, basi rimu tatu au nne zinatosha. Vitabu vinene vya shule vitafanya kazi hiyo hiyo, mradi visizibe matundu ya hewa ya mashine. Kibodi na kipanya vya kawaida havina bei kubwa, na maduka ya vifaa vya kielektroniki kama yale ya Luthuli Avenue jijini Nairobi huuza vya aina nyingi. Aliye na uwezo zaidi anaweza kununua skrini kubwa iliyotumika na kuiunganisha kwa waya. Kwa maoni yangu, hiyo ni pesa iliyotumika vyema kuliko kiti cha bei ghali.

Jihadhari na kufanya nusu ya kazi. Anayeinua kompyuta bila kununua kibodi ataishia kuchapa mabega yakiwa yamepanda masikioni, na hali yake itakuwa mbaya kuliko mwanzo. Anayenunua kibodi na kuiacha skrini mezani bado atainama. Wanaovaa miwani ya lenzi mbili wasiinue skrini juu sana, la sivyo watalazimika kurudisha kichwa nyuma ili waone kwa sehemu ya chini ya miwani.

Iweke skrini umbali wa urefu wa mkono. Ukiona unajongea mbele ili usome, usijilazimishe kurudi nyuma. Kuza herufi kwanza. Bonyeza kitufe cha Ctrl pamoja na alama ya kujumlisha, na kurasa nyingi za intaneti zitaongezeka ukubwa papo hapo. Kiti cha plastiki kinafaa ukiweka taulo lililokunjwa nyuma ya kiuno. Miguu isining'inie: kreti ya soda iliyogeuzwa itaikimu.

Kuhusu macho, kisa chake ni kifupi. Mwaka wa 1993 madaktari wa Japani waliripoti kwamba mtu aliyetulia hupepesa macho takriban mara 22 kwa dakika, akisoma kitabu mara 10, na mbele ya kompyuta mara 7 tu. Macho yasiyopepeswa hukauka na kuwasha. Kila baada ya dakika 20 hivi, tazama kitu kilicho mbali, upepese, na ikiwezekana uinuke. Hata ukiwa umepanga meza yako barabara, mwili haukuumbwa ukae kitako asubuhi nzima.

Na licha ya jina lake, kipakatalishi kisipakatwe kwa saa nyingi. Joto lake linaweza kuacha alama za kahawia zilizo kama wavu kwenye ngozi ya mapaja. Mwaka wa 2010 madaktari wa Uswisi walieleza kisa cha mvulana wa miaka 12 aliyepata alama hizo. Kwa wanaume, utafiti wa mwaka wa 2005 uliowahusisha wanaume 29 ulionyesha kuwa kukipakata kwa saa moja hupandisha joto la korodani kwa zaidi ya nyuzi 2, ingawa sehemu kubwa ya joto hilo ilitokana na kubana mapaja. Utafiti huo haukupima uwezo wa kuzaa, basi asitishike mtu. Akiweke mezani tu.

Wafanyakazi nao wajue kuwa Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka wa 2007 inamtaka mwajiri kupanga vifaa na mahali pa kazi ili vimfae mfanyakazi. Kuomba kibodi si kuomba anasa.

Muone daktari iwapo ganzi haiondoki kwa wiki kadhaa, mkono unalegea na kuangusha vitu, au maumivu ya shingo yanateremka hadi vidoleni. Nenda hospitali siku hiyo hiyo ikiwa miguu inaishiwa nguvu au huwezi kuzuia mkojo.

Kabla ya kwenda, mwombe mwenzako akupige picha kutoka ubavuni ukiwa kazini, bila kukutahadharisha. Mwonyeshe daktari au mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Picha hiyo itamweleza mambo ambayo wewe mwenyewe huwezi kuyaona.