Sindano ya Sukari na ya Kupunguza Unene: Madhara Yake na Namna ya Kuyakabili



Wengi katika miji yetu sasa wadungwa sindano ya mara moja kwa wiki, huyu kwa maradhi ya sukari, na yule kwa kutaka kupungua mwili. Twaona wajibu kueleza madhara yake, kwani kutumia dawa pasi na kuijua ni kujitia hatarini.

Dawa iliyo mashuhuri ni semaglutaidi. Marekani iliidhinisha Ozempic kwa wenye sukari mwaka 2017, na Wegovy kwa wenye unene mwaka 2021. Dawa hii huiga homoni itokayo matumboni mtu alapo: huamsha kongosho kutoa insulini sukari ipandapo, huchelewesha chakula kutoka tumboni, na huupa ubongo khabari ya kushiba. Hapo ndipo ilipo faida yake, na hapo hapo ndipo yatokapo madhara. Tumbo ambalo halijamaliza cha asubuhi, likishindiliwa cha mchana, litarudisha. Katika majaribio ya Wegovy, watu kama 44 katika kila 100 walipata kigegezi, na kama 24 walitapika. Aghlabu mambo haya hupungua mwili unapozoea.

Basi lifanywe nini?

Kwanza, kipimo kipandishwe kwa daraja. Huanzwa kwa miligramu 0.25 kwa wiki 4, kisha tabibu hupandisha. Arukaye daraja ili akonde kabla ya arusi hujitakia mwenyewe matapishi.

Pili, ale kidogo kidogo, na aache mara ahisipo kushiba. Mahamri, bhajia na biriani ya samli nyingi humzidishia kigegezi. Wala asilale mara tu amalizapo kula.

Tatu, anywe maji, khasa atapikapo au aharishapo, kwani upungufu wa maji waweza kudhuru mafigo. Aliyefunga choo azidishe maji, mboga na matunda, na atembee.

Nne, atumiaye pia insulini au vidonge vya glibenklamaidi aweza kushukwa na sukari. Akitetemeka, akitoka jasho au akichanganyikiwa, apewe kitu kitamu papo hapo, kisha tabibu avitazame upya vipimo vya dawa zake.

Na mwezi wa Ramadhani wataka hadhari zaidi, kwa kuwa tumbo lililochelewa hubebeshwa futari yote kwa saa moja, na maji hayanywewi mchana kutwa. Mwenye sukari amwendee tabibu wiki 6 hadi 8 kabla ya mwezi kuandama, wala asianze dawa hii karibu na kufunga. Akiambiwa kuwa saumu itamdhuru, ajue kuwa mgonjwa ana ruhusa katika dini yake.

Ziko dalili zisizovumiliwa nyumbani: maumivu makali ya tumbo yapenyayo hata mgongoni, kutapika kusikokoma, macho kuwa manjano, au nuru ya macho kupungua ghafula. Mwenye moja katika hizi asidunge tena, bali aende hospitali siku hiyo hiyo. Na mwanamke atakaye kushika mimba aache semaglutaidi angalau miezi 2 kabla.

Tena, sindano hii haishirikiwi na watu wawili, hata ncha ikibadilishwa, kwani maradhi ya damu huweza kupita. Wala isinunuliwe kwa mchuuzi asiyejulikana: Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilionya juu ya Ozempic bandia zilizopatikana Brazil, Uingereza na Marekani. Ambayo haijafunguliwa huwekwa katika friji, isigande. Joto la mji wetu huiharibu.

Jambo tuliogopalo zaidi ni siri. Wako wadungwao kwa kificho, wakaona haya kumwambia hata tabibu. Wahenga wamesema: mficha maradhi, kifo humfichua. Unene si aibu, wala sukari si aibu. Amwambiaye tabibu mapema husaidiwa mapema.

Mungu atujaalie siha njema. Amin.