ASILIMIA YA NINI? Hesabu nne za darasa la jioni zinazolinda mtaji wako

Tuanze na swali.

Umenunua gauni Sh 10,000. Ukaongeza asilimia 20, bei ikawa Sh 12,000. Gauni limekaa wiki mbili halitoki. Unaweka status: "OFA! Punguzo la asilimia 20." Mteja analichukua. Je, pesa yako imerudi?

Wengi wanajibu, "Ndiyo, nimetoka sare." Haya, shika kikokotoo. Asilimia 20 ya 12,000 ni 2,400. Umeuza Sh 9,600. Umepoteza Sh 400 kwa kila gauni, na hapo bando, mfuko na boda bado havijahesabiwa.

Kikokotoo cha simu hakikosei, ila kinajibu kile tu ulichokiuliza. Kujua cha kuuliza ndiyo hesabu yenyewe, na hiyo unaifundishwa darasani.

Mimi nauza asali na mafuta ya alizeti hapa Singida mjini. Duka ni dogo, wateja wengi wako WhatsApp na Instagram, mzigo unapanda basi pale Misuna kwenda Dodoma, Morogoro na Dar. Shule niliishia kidato cha nne, na Hisabati yangu ilikuwa ile ya Watanzania wengi. Unajua mwenyewe: kila NECTA wakitangaza matokeo, somo hilo linakuwa mkiani. Mwaka 2022 na 2023, waliofaulu Hisabati kidato cha nne hawakufika hata theluthi moja ya waliofanya.

Nikiwa na miaka 25, wateja wa jumla walipoanza kuongezeka, nilijiandikisha darasa la jioni la Hisabati ya msingi. Nilitaka mtu akiniuliza bei ya chupa 50 nimjibu palepale, na nijue jibu langu linaniachia nini. Darasani tulikuwa mchanganyiko: mama anayeuza vitunguu, kijana wa bodaboda, dada anayetaka kurudia mtihani. Mwalimu alianza chini kabisa, kwenye sehemu: nusu, robo, theluthi. Kisha akaja kwenye asilimia. Kila mtu akitamka "asilimia", mwalimu anauliza, "Ya nini?" Mwisho darasa zima tukawa tunaitikia kama kibwagizo.

Swali hilo moja ndilo somo la leo. Twende nalo kwenye mambo manne.

1. PUNGUZO: asilimia ya nini?

Rudi kwenye gauni. Asilimia 20 ya kwanza ilikuwa ya 10,000, bei ya kununulia. Ya pili ilikuwa ya 12,000, bei ya kuuzia. Zinatamkwa sawa lakini ni pesa tofauti: 2,000 na 2,400.

Kwa hiyo kabla ya kutangaza ofa, tafuta kikomo chako. Chukua faida, gawa kwa bei ya kuuzia, zidisha kwa 100. Hapa ni 2,000 ÷ 12,000 × 100 = 16.7. Ukipunguza asilimia 17 au zaidi unauza chini ya uliyonunulia. Kama kuna gharama nyingine, kikomo kinashuka tena. Kiandike kikomo cha kila bidhaa kwenye daftari, ili mteja akikubana bei usiku inbox, wewe unaangalia tu.

2. UWIANO: kilo si lita

Hii iwahusu wauza asali, mafuta na vimiminika vyote. Asali inayotoka Manyoni na Itigi unaweza kuipata kwa kilo, wakati mteja wa mtandaoni anaagiza kwa lita. Watu wengi wanachukulia kilo na lita ni kitu kimoja. Kwa maji ni sawa. Kwa asali hapana.

Asali ni nzito. Lita moja ya asali ina uzito wa karibu kilo 1.4, kwa hiyo ndoo ya lita 20 iliyojaa ni karibu kilo 28.

Tuchukue bei ya mfano. Umenunua kilo kwa Sh 10,000. Unatangaza "asali mbichi, lita Sh 13,000" ukijua una faida ya 3,000. Sasa weka uwiano: lita 1 = kilo 1.4, na kilo 1.4 × 10,000 = 14,000. Asali iliyo ndani ya chupa imekugharimu Sh 14,000 na wewe umeiuza 13,000. Hapo kadiri unavyouza sana ndivyo mtaji unavyoisha haraka, na wateja watakusifu kwamba bei zako ni nzuri!

Mafuta ya alizeti ni kinyume chake, ni mepesi kuliko maji. Lita moja ina karibu kilo 0.92. Ukinunua kwa kilo ukauza kwa lita, unapata lita nyingi kuliko kilo ulizonunua. Kilo 46 zinakupa lita 50, kwa sababu 46 ÷ 0.92 = 50.

Pima mwenyewe kwa mzani wako, maana asali yenye maji mengi inakuwa nyepesi kidogo. Ukishapata namba yako, ibandike ukutani.

3. FAIDA: asilimia ya nini?

Hapa ndipo mitaji mingi inapofia. Twende na chupa ileile ya lita moja, tuhesabu kila kitu. Asali 14,000. Chupa na lebo 1,000. Boda hadi stendi, ukigawanya kwa chupa ulizotuma, 500. Makato ya pesa ya simu 500. Jumla Sh 16,000.

Unataka faida ya asilimia 20. Ya nini?

- Kama ni ya gharama: 16,000 × 1.2 = Sh 19,200. Faida 3,200.
- Kama ni ya mauzo, yaani kila shilingi 100 inayoingia 20 iwe yako: 16,000 ÷ 0.8 = Sh 20,000. Faida 4,000.

Njia zote mbili ni halali. Hatari ni kuzichanganya: kupanga bei kwa ya kwanza, halafu kujilipa kwa ya pili. Tuseme umeuza chupa 50 kwa 19,200. Mauzo ni Sh 960,000. Unajiambia, "Asilimia 20 ni yangu," unatoa 192,000 kwa ajili ya kodi na chakula. Lakini faida halisi ni 50 × 3,200 = 160,000. Hizo 32,000 za ziada umezitoa kwenye mtaji.

Elfu thelathini na mbili hazishtui mtu. Ila kwa miezi 12 ni Sh 384,000. Chupa 50 zilikugharimu 800,000, kwa hiyo karibu nusu ya mtaji imeondoka ndani ya mwaka. Hakuna mwizi aliyeingia wala mteja aliyekutapeli. Ndiyo maana unasikia mtu anasema, "Biashara inatembea lakini pesa siioni."

Chagua njia moja. Ukishachagua, panga bei nayo na ujilipe nayo.

4. MKOPO: asilimia ya nini, na kwa muda gani?

Wale wa kausha damu hawapendi swali hili. Mfano: unapewa Sh 300,000, unarudisha 12,000 kila siku kwa siku 30. Jumla unarudisha 360,000. Wanakwambia, "Ni asilimia 20 tu." Ya nini? Ya 300,000, kweli. Lakini hiyo 300,000 umekaa nayo mwezi mzima?

Hapana. Katika kila 12,000 unayolipa, 10,000 ni deni lenyewe na 2,000 ni riba. Kesho yake umebaki na 290,000, keshokutwa 280,000, siku ya mwisho 10,000. Ukitafuta wastani, mwezi huo umekaa na Sh 155,000 tu. Riba yako ni 60,000. Sasa 60,000 ÷ 155,000 × 100 = karibu asilimia 39. Kwa mwezi mmoja!

Jiulize bidhaa yako gani inazaa asilimia 39 kwa mwezi baada ya gharama zote. Kama haipo, hiyo riba utailipa kwa mtaji, halafu kwa friji, halafu kwa simu unayouzia.

Upande wa pili kuna watu wanaogopa mikopo ya halmashauri kwa sababu inaitwa "ya asilimia 10". Wanadhani ni riba. Uliza: asilimia 10 ya nini? Ni ya mapato ya ndani ya halmashauri, zinazotengwa kwa ajili ya mikopo: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Riba haipo. Hutolewa zaidi kwa vikundi, kwa hiyo muone ofisa maendeleo ya jamii wa kata yako akueleze utaratibu.

UNAWEZA KUSOMA WAPI?

Nchi hii kurudi darasani ukubwani si jambo geni. Mwaka 1970 Mwalimu Nyerere aliutangaza kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Mwaka 1975 vikaanza vyuo vya maendeleo ya wananchi, wazo lililotoka Sweden. Mkoani kwetu kipo Chuo cha Maendeleo ya Wananchi Singida, na kingine Msingi kule Mkalama. Vyuo hivi vinafundisha stadi za kazi, na pia vinapokea mabinti waliokatisha masomo kupitia mpango wa Elimu Haina Mwisho. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima nayo ina ofisi mikoani. Na vipo vituo vya jioni mitaani.

Ukienda kuuliza, sema shida yako wazi:

- Kama unataka cheti, unaweza kurudia Hisabati peke yake kama mtahiniwa wa kujitegemea. Uliza kituo kama kinasajili.
- Kama hukumaliza sekondari, uliza kuhusu mtihani wa maarifa, ule wanaouita QT.
- Kama unataka hesabu za biashara tu, mwambie mwalimu. Kwenye mtaala niliousoma mimi, uwiano, faida na hasara ni mada ya kidato cha kwanza, na leja na urari viko kidato cha tatu. Vekta na matriksi vinaweza kusubiri.

Uliza pia mwalimu anaelezea kwa lugha gani. Shule ya msingi wengi tulisoma Hisabati kwa Kiswahili, sekondari ikageuka Kiingereza. Wengi hawakushindwa namba, walishindwa swali lililoandikwa juu ya namba. Mwalimu anayekueleza kwa Kiswahili kwanza, halafu akakuonyesha swali la mtihani, huyo mshikilie.

Na nenda na daftari lako la mauzo. Mimi mazoezi yangu mengi niliyafanya kwa bei za dukani kwangu. Ukikokotoa pesa yako mwenyewe, usingizi haukupati.

ZOEZI LA LEO

Umenunua kilo 46 za mafuta ya alizeti kwa Sh 5,000 kila kilo. Lita moja ni kilo 0.92. Chupa ya lita moja ni Sh 400. Unataka asilimia 20 ya bei ya kuuzia iwe faida yako.

a) Uuze lita shilingi ngapi?
b) Mteja wa jumla anaomba punguzo la asilimia 10. Ukikubali, unabaki na faida kiasi gani kwa kila chupa?

Fanya kwanza ndiyo uangalie. Ukipata Sh 6,250 na Sh 625, uko vizuri. Kama (b) umepata Sh 750, umechukua asilimia 10 ya gharama badala ya bei. Rudi kwenye namba 1, ujiulize: ya nini?