Kiu Isiyokatwa na Maji

Zamani wapagazi walitembea kwa miguu kutoka Bagamoyo hadi Tabora, na kutoka Tabora hadi Ujiji. Wengi wao walikuwa Wanyamwezi. Mizigo ilikuwa mizito na jua lilikuwa kali. Mpagazi alipofika kisimani alikunywa maji, kiu ikaisha.

Lakini iko kiu nyingine. Hiyo haikatwi na maji.

Tumfikirie mama mmoja mkulima wa karibu na Tabora. Umri wake ni miaka 50. Kinywa chake ni kikavu kila siku. Hawezi kumeza matobolwa bila maji. Macho yanamwasha kama yana mchanga. Mashavu yamevimba mbele ya masikio. Meno yanaoza. Majirani wanasema, "Amerogwa."

Hakurogwa. Ni mgonjwa.

Mate hutoka katika tezi. Tezi kubwa ziko mbele ya masikio, chini ya taya na chini ya ulimi. Mate hulainisha chakula na kulinda meno.

Mwili una askari wake wa kupigana na vijidudu. Katika ugonjwa huu askari hao hukosea. Hushambulia tezi za mate na za machozi. Tezi huvimba, na mate hupungua.

Mwaka 1933 Henrik Sjögren, daktari wa macho wa Sweden, aliandika habari za wanawake 19 wenye ugonjwa huu. Kati yao, 13 waliumwa viungo pia. Hata leo wagonjwa wengi ni wanawake. Ugonjwa huu hauambukizi. Usiogope kula na mgonjwa.

Si kila shavu lililovimba lina ugonjwa huu. Matubwitubwi huvimbisha mashavu, nayo huambukiza. Shavu likivimba wakati wa kula, huenda kijiwe kimeziba njia ya mate. Virusi vya UKIMWI pia huweza kuvimbisha tezi. Na mwenye kiu anayekojoa mara nyingi apimwe sukari.

Kwa hiyo usikisie. Nenda zahanati. Ikihitajika, utapelekwa Hospitali ya Kitete, Tabora. Huko daktari atapima damu na macho.

Ugonjwa huu hauishi kabisa, lakini hutunzwa. Mgonjwa afanye hivi:

1. Anywe maji kidogo kidogo mchana kutwa.
2. Apige mswaki kwa dawa ya meno asubuhi na usiku.
3. Asilambe asali ili kulainisha kinywa. Asali bila mate huozesha meno.
4. Aache tumbaku.
5. Atumie dawa ya macho aliyopewa na daktari.
6. Uvimbe ukikua au ukiwa mgumu, arudi hospitali upesi.

Maswali

1. Tezi kubwa za mate ziko wapi?
2. Kwa nini meno ya yule mama yanaoza?
3. Ungewaambia nini majirani zake?