Fanksheni Irudishayo Jibu

Nataka kuwaeleza kidogo habari ya fanksheni, maana wengi wetu hapa Jinja tunaojifunza kuandika programu za kompyuta hukosea hapo.

Fanksheni ni kama mtoto atumwaye dukani: unampa fedha, naye hurudi na kitu. Katika lugha ya Java, iliyotolewa mwaka 1995, sharti useme mapema kitakachorudi ni cha aina gani. Ukiandika "int", umeahidi namba nzima. Ukiandika "double", umeahidi namba iwezayo kuwa na desimali. Kompaila huikagua ahadi hiyo kabla programu haijaanza kufanya kazi.

Likizo iliyopita nilikwenda Mbale kwa mjomba wangu, mkulima wa kahawa katika miteremko ya Mlima Elgon. Nikamwandikia fanksheni ya kuhesabu malipo ya kila gunia:

static int malipo(double kilo, int bei) {
    return kilo * bei;
}

Kompaila ikakataa, kwa kuwa niliahidi namba nzima nami narudisha yenye desimali. Badala ya kufikiri, nikatia "(int)" mbele ya neno kilo. Ikanyamaza, nami nikafurahi.

Magunia yalikuwa 6, kila moja kilo 40.5. Kwa bei ya shilingi 5,000 kila kilo, programu ilitoa jumla ya shilingi 1,200,000. Mjomba, aliyekwisha kuhesabu kwa kalamu, akaniuliza, "Mpwa wangu, nusu kilo zangu zimekwenda wapi?"

Niliona haya. Lile neno nililotia liligeuza 40.5 kuwa 40 kabla ya kuzidisha. Kilo 3 zilipotea, yaani shilingi 15,000.

Dawa yake ni hii: ondoa neno lile, kisha mwanzoni, mbele ya malipo, weka "double" mahali pa "int". Kila gunia likatoa 202,500, na jumla 1,215,000.

Tena, fanksheni iliyoahidi jibu sharti ilirudishe kwa kila njia. Ukisema irudishe malipo kilo zikizidi sifuri, usiseme la kufanya zisipozidi, kompaila itakataa.

Basi, ndugu zangu, kompaila ikiwakataza msiinyamazishe. Jiulizeni kwanza mmeahidi nini. Haba na haba hujaza kibaba, na nusu kilo ni jasho la mtu.