Kuelea kwa Mzamiaji Mgeni na Safari ya Kurudi Arusha

Mkazi wa Arusha anayekwenda Zanzibar kujifunza kuzamia huanza na somo la kuelea: asizame wala asipande pasipo kukusudia. Chombo chake cha kwanza ni mapafu. Akivuta pumzi hupanda kidogo, akiitoa hushuka. Hewa ya jaketi huongezwa kidogo kidogo, kisha matokeo yake husubiriwa.

Sababu ni kanuni ya Boyle. Katika kina cha mita 10, kanieneo ni maradufu ya ile ya juu ya maji. Kwa hiyo hewa iliyofungiwa kifuani hutanuka maradufu mzamiaji anapopanda. Anayezuia pumzi aweza kupasuka mapafu. Anayepanda kwa kasi huiacha nitrojeni iliyoyeyuka mwilini igeuke viputo.

Hatari haiishii ufukweni. Arusha ipo takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na kilele cha Meru mita 4,566. Huko kanieneo hupungua, na viputo hukua. Baada ya kuzamia mara moja, ngoja angalau saa 12 kabla ya kupanda ndege. Baada ya mara kadhaa, angalau saa 18. Subira hiyo ihusu mlima pia.

Mhudumu wa afya, mgonjwa akilalamikia maumivu ya viungo, ganzi au kizunguzungu baada ya kutoka pwani, muulize: “Ulizamia lini?” Ukishuku, mlaze chali, mpe oksijeni safi, na utafute bila kuchelewa ushauri wa daktari wa tiba ya uzamiaji.